Neno Lililomfuta Iteka

Gulliver, Area 49, Lilongwe
9 Februari 2025

Kwa mpendwa Yaya Maombi, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, nami naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumba yako. Hapa mvua imetukalia. Paa la darasa langu linavuja pembeni pa ubao, kwa hiyo nafundisha Kifaransa nikiwa na ndoo miguuni, na wanafunzi wanacheka kila tone likianguka. Kile kikohozi cha Desemba kimekwisha. Watu wa kanisa wanakusalimia, hasa yule mama uliyemshonea gauni la Pasaka. Hajaacha kulisifia.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu unaijua simu yako. Tangu ibakie na spika tu, nikikuambia jambo moja, laini nzima ya vibanda vya washonaji inalisikia na kulitolea maoni. Jambo hili si la sokoni. Bigirimana atakukabidhi barua mkononi, na jibu lako atalileta siku atakayokuja tena huku Lilongwe kuuza nyanya.

Yaya, dosye yangu imetembea! Lile kanisa la Kanada limekubali kunidhamini nihamie kwao. Walituma fomu ya kurasa sita, nimeijaza na kuirudisha. Sasa biro ya kambi, ofisi ya wakimbizi, itakuita wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa wa familia na karte ya nyumba iko kwa jina lako. Watataka uthibitishe niliyoyaandika, kisha utie saini.

Atakayekuuliza ni Mmalawi, atasema Kiingereza. Usijitie katika hadithi ndefu za Fizi kwetu na za njiani tulivyokimbia, maana ukizianza hakuna atakayekufuata. Kuna mahali atafika atakuuliza: "Any issue?" Wewe jibu: "No issue." Ni lile lile neno la vijana, ishu. Anataka kujua kama kuna matata. Hakuna. Akirudia, na wewe rudia. Ukimaliza, shika nakala yako, uende zako nyumbani.

Msalimie mtoto. Mwambie akazane na masomo.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Eliezer


Dzaleka
23 Februari 2025

Elie mdogo wangu,

Barua yako ilifika ikinuka nyanya. Mi niko muzima, mgongo tu njo unanisumbua juu ya kuinama kwa mashini. Mvua hapa pia inapiga, ukuta wa jikoni ulianguka upande mmoja, tumeuziba kwa plastiki. Mahindi ya jirani iko muzuri. Mzee Melchior, yule Mrundi wetu wa mlango wa pili, anasalimia.

Na binti yako Iteka! Elie, ungemwona. Miaka kumi na miwili tu, na tayari ananipita bega. Nguo ya shule nilimshonea mwezi wa tisa, leo iko juu ya magoti, nimeshusha pindo mara mbili, kitambaa kimekwisha. Nilipomsomea barua yako aliruka mpaka akamwaga maji ya kusonga nsima. Saa ile ile akatoka kuambia bantu ba laini nzima: "Mi na baba tunaenda Kanada!" Nilimgombeza, nikamwambia dosye si ya kutangaza. Lakini na mi nilikuwa nacheka. Unakumbuka ulivyomwambia siku ulipohamia Lilongwe, ukimshika mashavu: siku nitapanda ndege, tunapanda wawili. Hajasahau hata neno moja. Tangu marehemu mke wako Gabriella atuachie huyu mtoto akiwa wa miaka mitatu, njo mara ya kwanza namwona analala na furaha namna hii.

Sasa, ya biro. Baliniita tarehe kumi na nane. Nilienda na Iteka juu ya mvua, alisimama nje akinishikia mwavuli. Ndani mulikuwa mama mmoja wa miwani, mpole, lakini anasema mbiombio. Alifungua makaratasi yako. Alitaja jina lako, la papa wetu, la mama yetu, nikasema yes, yes. Halafu akaniuliza vile ulisema: "Any issue?" Nikajibu: "No issue." Akaniangalia. Akarudia. Nikarudia, na sauti. Akaweka kidole kwa mstari, akauliza mara ya tatu, mi nikafikiri labda hasikii Kiingereza changu, nikasema tena na nikatikisa kichwa. Akaandika. Nikasinye jina langu chini.

Nakala iko kwangu. Ni mwandiko wako, ile "L" yako ya mkia ninaijua. Lakini jina la Iteka sikulisikia likitajwa. Iko ukurasa wa ngapi? Balinipa ukurasa mmoja tu.

Kingine kitakuchekesha. Mzee Melchior alifundishaka Kifaransa huko Bujumbura, nilipomwambia nilivyojibu, alishika kichwa. "Issue" kwa Kifaransa ni mahali pa kutokea! Anasema njia isiyotokea popote banaandikaka "sans issue". Kumbe nilisimama mbele ya biro nikasema hakuna pa kutokea! Mi najiuliza kama nilikufungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe. Nijibu haraka, sipati usingizi.

Iteka iko na kazi ya kuokota vifungo, namshonea koti ya blanketi ya kijivu juu ya baridi ya huko. Nipe jibu ya ukurasa.

Dada yako,
Maombi


Gulliver, Area 49
16 Machi 2025

Yaya mpendwa,

Unisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na wiki ya ukaguzi shuleni, na mkaguzi alikaa darasani mwangu asubuhi mbili nzima akiandika sijui nini. Afya ni nzuri. Pole kwa ukuta. Nimefurahi sana kusikia ulivyosimama imara mbele ya biro.

Mzee Melchior umwambie asante, zikomo sana, ila abaki na Kifaransa chake. Maneno ya lugha hizi mbili yanafanana sura tu. Kwa Kifaransa ndiyo, ni pa kutokea. Kwa Kiingereza ni matata, shida, tatizo, jambo linalobishaniwa. Wanayo majina mengi kwa kitu hicho kimoja: "problem", "trouble", "matter", "concern". Ukimwambia Mwingereza "no issue" ni kama umemwambia "no problem", amani tupu. Hukufunga mlango wowote. Ulisema dosye haina matata, na ni kweli haina. Lala usingizi.

Habari za kurasa ni ndefu, tutazizungumza tukionana. Makaratasi ya Wazungu hayafuatani kama tunavyodhani.

Koti usijisumbue nalo sana. Una kazi za watu, na macho yako si ya kuchezea.

Wako,
Eliezer


Dzaleka
6 Aprili 2025

Elie,

Tuko bazima, Mungu iko. Plastiki ya jikoni ilipasuka, nimeweka ingine. Mashini imekataa sindano ya kumi na nne, inataka ya kumi na sita tu, na mi nimeizoea hivyo. Iteka alikuwa wa tatu darasani. Wa tatu kwa batoto hamsini na nane! Andika umpongeze, amengoja Bigirimana siku tatu kwa barabara.

Nilisoma mambo yako ya matata nikatulia. Halafu juzi nilikuwa natafuta karte ya nyumba juu ya kupokea unga. Naangalia pale chini, baliandika: "Date of issue: 14 June 2016." Nilikaa chini. Tarehe ya matata! Na kweli, Elie, mwezi ule wa sita njo Gabriella alianza kuumwa. Nikawaza, biro ilijuaje? Nikamwonyesha jirani, naye akatoa karte yake, na yake pia iko na tarehe ya matata. Tukaenda mlango kwa mlango. Kambi nzima iko na tarehe ya matata! Tulicheka, lakini mi nilicheka kwa mdomo tu.

Kuna mwalimu hapa, Stéphanie, anafundisha Kiingereza darasa la Iteka, nilimshonea bluzi ya mikono mifupi. Nikamwuliza. Akasema hapo ni kutoa, siku karte ilitolewa. Akanionyesha na gazeti ya kanisa, juu kabisa banaandika "Issue 7", ni toleo ya saba. Iteka naye akadakia, anasema darasani "issue" ni hoja ya kujadili. Sasa nahesabu: kwa Melchior ni mlango. Kwako ni matata. Kwa karte ni kutoa. Kwa gazeti ni toleo. Kwa Iteka ni hoja. Neno moja, tumbo kubwa hivi! Mi nilijibu kwa ile gani?

Nikitazama nakala yangu, mstari wenyewe unasema "Issue, if any", halafu we umeandika "None". Juu yake ni "Wife", hapo uliandika Gabriella, marehemu. Juu yake tena ni papa na mama. Stéphanie hakuwa na miwani siku ile, alisema atarudi asome muzuri. Juu ya nini baulize matata katikati ya majina ya familia? Matata si yangekuwa mwisho, pamoja na polisi na magonjwa?

Nakuuliza mara ya pili na jina la mama yetu: jina la Iteka liko ukurasa wa ngapi? Usinijibu na somo la Kiingereza. Nipe namba ya ukurasa, mbili, tatu, sita, yoyote. Mtoto ananiuliza kila siku, Kanada kuna shule gani, atakaa na baba chumba kimoja ao viwili. Mi sijui nimwambie nini tena.

Maombi


Gulliver, Area 49
20 Mei 2025

Yaya,

Salamu. Mimi mzima, kazi ni nyingi, nasahihisha mitihani ya madarasa manne peke yangu. Hongera kwa matokeo ya mtoto.

Nakuomba uache kutembeza karatasi zangu kwa walimu na kwa majirani. Dosye ya mtu ni siri yake. Kuna watu kambini wana miaka kumi na tano wanangoja, wivu unaweza kuandika barua mbaya ofisini na kila kitu kikafa. Hilo umelifikiria?

Neno likiwa kwenye karte ni kitendo, kutoa. Kwenye gazeti ni toleo. Ni kweli lina maana nyingi, ndivyo Kiingereza kilivyo, na mtu aliyekisoma ndiye anajua ipi inakaa wapi. Mimi nilikisoma. Unaniamini au unamwamini mwalimu wa shule ya msingi aliyesahau miwani?

Watakuita tena, nadhani Septemba. Itakuwa mara ya mwisho. Jibu ulivyojibu.

Eliezer


Dzaleka
8 Juni 2025

Eliezer,

Hapa tuko bazima wa mwili. Baridi imeingia. Hiyo njo habari ya nyumbani, sina ingine.

Stéphanie alirudi na miwani. Alirudi na diksionere pia, ile kubwa ya shule, aliibeba na kitenge mgongoni. Tuliiweka juu ya meza ya kukatia. "Issue" imejaza upande mzima wa ukurasa. Alinisomea moja moja kwa Kiswahili, mi nikawa naandika na chaki ya kushonea juu ya mbao. Hoja. Tatizo. Toleo. Kutoa. Kutokea, kama maji ama damu inavyotoka. Nikacheka, nikasema basi mzee Melchior hakukosea sana. Akashuka mpaka chini kabisa, kwa maneno ya bantu ba sheria. Akachukua nakala yangu, akaweka miwani muzuri, akasoma mstari wako. Akaniuliza: "Mama Maombi, nani alikuambia ujibu hivi?"

Nikamwambia ni mdogo wangu. Mwalimu.

Kwa sheria, "issue" ni uzao. Batoto ba mtu, walio damu yake. Nilimwomba majina yake mengine yote, maana we ulinifundisha kwamba Kiingereza kinapenda majina mengi. Akaniandikia: "children", "offspring", "descendants", "progeny". Nimeyaandika na mi kwa chaki, sijafuta, kila nikikata kitambaa nayaona.

Basi sasa najua nilijibu nini. Yule mama wa miwani aliniuliza: Eliezer Lwaboshi iko na mtoto? Mi shangazi, mi niliyemfunga nepi, nikamjibu hana. Akauliza tena, maana alikuwa mtu wa haki, aliona kitu hakikai muzuri. Nikasema hana, na sauti. Mara ya tatu nikatikisa na kichwa. Na Iteka iko nyuma ya ule mlango, amesimama kwa mvua, ananishikia mwavuli ili nisilowe wakati namfuta.

Umenisaliti, Elie. Naandika neno lenyewe kwa Kiswahili, lina maana moja tu. Ungemkana kwa mdomo wako, ningelia, ningesema wanaume njo hivyo, ningekusamehe labda kabla mvua ya pili haijafika. Lakini ulichukua mdomo wangu. Ulijua sijui. Ulikaa na kalamu ukafikiri: Yaya hakusoma Kiingereza, nitampa neno la vijana, atalisema kama kasuku, na atafurahi. Na nilifurahi! Nilirudi njiani nimemshika mkono, tunaimba.

Nimetoa barua zako zote tatu, nimezisoma tena na Stéphanie. Hakuna hata moja yenye jina la Iteka. "Mtoto." "Mtoto." Koti usijisumbue nalo. Mi niliona unanihurumia macho.

Koti nimemaliza, anaivaa asubuhi akienda shule juu ya baridi ya hapa. Bado hajui. Nimeshindwa. Jana aliniuliza kama Kanada kuna vifungo, ili abebe vya akiba, nikajifanya nahesabu pindo.

Sitaki somo. Nataka kujua: kwa nini?

Maombi


Lilongwe
17 Agosti 2025

Yaya Maombi,

Nimeandika barua hii mara nne na kuchana mara nne. Sijui niulizeje habari za nyumbani baada ya ile yako, lakini nauliza. Bigirimana aliniambia mgongo wako umezidi. Pole.

Sikukujibu Juni. Julai nilikuja mpaka kituo cha mabasi nikiwa na begi, nikarudi.

Sikiliza. Wale wa Kanada walikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Katibu wao aliniambia kwenye simu kwamba mtu mwenye mtoto anaingia katika foleni nyingine, ya familia, na hiyo inaweza kuchukua miaka saba, minane. Nina miaka thelathini na tisa. Fomu ilikuwa mezani. Nilifika kwenye lile neno lao, neno la kizee, la wanasheria, na nikafikiri: sikuulizwa kama nina mtoto. Nimeulizwa kama nina "issue". Mtu anaweza kuandika "None" hapo na bado asiwe amesema sina mtoto. Unaelewa? Sijawahi kuandika sina mtoto. Hata siku moja. Neno ni lao, si langu.

Najua inavyosikika. Niliiona inavyosikika nilipoiandika sasa hivi.

Iteka ni damu yangu. Nikifika nitafanya kazi, nitafungua dosye yake, nitamleta. Wengine wamefanya hivyo. Lakini lazima kwanza nifike, na ili nifike, Septemba lazima useme kama ulivyosema Februari. Ukibadilisha sasa, watasema nilidanganya, dosye yangu itafungwa, na ya kwake haitafunguka kamwe. Tutabaki wote watatu. Nani atakuwa amepata nini hapo?

Nakupigia magoti, Yaya. Mara hii moja. Mtoto usimwambie, yeye aumie bure kwa nini?

Eliezer


Dzaleka
14 Septemba 2025

Elie,

Mgongo iko afadhali. Jikoni tumejenga ukuta wa tofali, mzee Melchior alisaidia kukanda udongo. Joto imeanza.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Ni mara ya kwanza uliandika jina lake, na uliliandika kuniomba nimkane tena. Ukasema nisimwambie. Nilimwambia siku ile ile. Mi nilitumiwa bila kujua neno, sitamfanyia yeye hivyo.

Nilimkalisha kwa kiti ya wateja nikamweleza yote, fomu, neno, mimi, wewe. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuona nakala. Akaisoma mwenyewe, anasoma Kiingereza muzuri kuliko tunavyofikiri, akaweka kidole pale pa "None" akakaa hivyo. Kisha akaenda shule. Siku mbili alikula kwa Stéphanie. Siku ya tatu alikuja akasimama karibu na mashini wakati nashona, akauliza:

"Shangazi, ukienda kusema kweli, baba atanichukua kwa sababu ananitaka, ao juu ameshikwa na uongo?"

Nilisimamisha mguu. Nilikutafutia sababu mimi, dada yako niliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto kutoka Baraka, kule Fizi, nikakosa.

Akasema: "Basi uende useme hana."

Nikamwambia hapana, mtoto hawezi kuamua jambo hili. Nikamwambia tunaweza kuifunga hiyo dosye kesho asubuhi, mi siogopi. Akakataa. Alisema hataki kuwa mtu anayefungia mwingine mlango. Halafu akaanza kulia, kulia kweli, sauti yote, mpaka bantu ba laini bakasimamisha mashini. Akasema: "Sema hana. Lakini usiniache nikiwa si wa mtu."

Tarehe tisa ya mwezi huu baliniita. Yule mama wa miwani tena. Safari hii alikuwa amemleta mkalimani, mama mmoja wa Kindu anaitwa Aicha, hatufahamu sisi kabisa. Nafikiri yule mama hakulala muzuri na majibu yangu ya Februari. Aicha akaniuliza kwa Kiswahili cha wazi, hakuna pa kujificha: "Mama, ndugu yako Eliezer iko na mtoto?"

Iteka mara hii alikuwa ndani, amekaa pembeni yangu, na ile nguo fupi ya shule.

Nikasema: "Hana."

Februari nilisema bila kujua, na ilikuwa kosa lako. Hii ni yangu. Nimeisema nikijua kila herufi yake, na nitaijibia mimi mbele ya Mungu. Usinishukuru, usiniandikie kunishukuru, nitachana. Sikuifanya kwa ajili yako.

Yule mama akageuza karte yangu, akaonyesha jina. "Na huyu Iteka, ambaye ameandikwa hapa chini yako tu bila kueleza, ni wa nani?"

Nikasema: "Wangu."

Aicha akamtazama Iteka, akamwuliza kama ni kweli. Iteka akasema ndiyo, huyu ni mama yangu. Baliandika. Upande wa baba baliacha wazi, yule mama akauliza kama kuna la kuongeza pale, tukasema wote wawili hapana. Nikasinye, na Iteka akasinye, ni mara yake ya kwanza kusinye karatasi ya biro. Karte mpya tulipewa Ijumaa.

Basi dosye yako iko safi. Utaenda. Bigirimana anasema labda kabla ya Noeli. Safari njema, na sisemi kwa ubaya, vaa nguo nzito. Ile habari ya kufungua dosye ya mtoto ukifika, achana nayo. Biro itakuuliza mtoto gani, na karatasi zote, zako na zangu, zinasema hayuko.

Kitu kimoja tu ujifunze mapema, usije ukakosea siku utapiga simu, maana spika yangu unaijua na laini nzima itasikia. Kwetu mambo haya hayana majina mengi. Kama mtoto ni wangu, na we ni mdogo wangu, basi we ni mjomba wake. Mi sikumfundisha, alijihesabia mwenyewe. Sasa hivi Bigirimana alipopita akauliza kama kuna barua ya kupeleka Lilongwe, nilikuwa ndani naandika hii, na nilimsikia Iteka akimjibu pale mlangoni.

"Ngoja kidogo," alimwambia. "Mama anamalizia ya mjomba."

Mama Iteka